Mama amevunjika nyonga: tumnunulie fremu ipi ya kutembelea?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mama yangu ana miaka 74, anaishi Pangani na mdogo wangu wa kike. Miezi minne iliyopita aliteleza uani akavunjika nyonga ya kushoto, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Alipewa magongo ya kwapani lakini yamemshinda, anasema yanampeleka yanakotaka yenyewe. Sasa anatembea kwa kushika ukuta na bakora ya marehemu baba. Mwezi uliopita alianguka tena, ila hakulalamika maumivu. Ana presha, anameza dawa, na vidole vya miguu vina ganzi kwa sababu ya kisukari. Ndani sakafu ni ya saruji, lakini choo kiko nje: unavuka kizingiti, unashuka vidato viwili, kisha unakata uwanja wa mchanga. Ni choo cha kuchuchumaa. Dar nimeona madukani fremu za aina tatu: isiyo na magurudumu, yenye magurudumu mawili mbele, na ile ya manne yenye kiti na breki. Kaka yangu aliyeko Uingereza anataka kutuma hiyo ya manne, anasema ndiyo ya kisasa. Baba mdogo anasema tusinunue chochote, mama atazoea kuegemea na miguu italegea. Mama mwenyewe anaona aibu, anasema hivyo ni vitu vya walemavu. Tufanyeje?"

Ndugu yangu, pole kwa kuuguza, na mama mfikishie salamu na pole zangu. Umefanya vizuri kutaja kizingiti, vidato na mchanga. Watu wengi huniuliza kuhusu fremu wakanitajia ugonjwa na bei, basi, ilhali njia anayopita mgonjwa kila siku ndiyo inayoamua nusu ya jibu.

Nikujibu kwanza kwa ufupi ili usikae na wasiwasi. Kwa hali ya mama ilivyo sasa, kile kigari cha magurudumu manne ndicho ninachokiweka mwisho. Ninayoielekea ni fremu nyepesi ya aluminiamu, ama isiyo na magurudumu au yenye mawili mbele, na kati ya hizo mbili atakayeamua ni mama akiwa amezishika na kutembea nazo hatua kadhaa. Lakini kuna jambo linatangulia dukani, nalo ni la hospitali.

Miezi minne baada ya kuwekewa chuma, kwa kawaida mfupa wa nyonga huwa umeshika au unakaribia. Mama bado anatembea kwa kushika ukuta, na juu ya hapo ameanguka tena. Huenda ni udhaifu wa misuli tu, hilo naliona mara nyingi mno. Lakini huenda pia mfupa haujaunga sawasawa, au chuma kimesogea kidogo, na kwa mtu mwenye kisukari mfupa unaweza kuchelewa kupona. Kutolalamika maumivu hakunitoshi, kwa sababu kina mama wa umri huo wanavumilia mengi ili wasiwasumbue watoto. Mpelekeni akapigwe eksirei nyingine, kwa aliyempasua au katika hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu ni Bombo pale Tanga. Huko ulizeni swali moja waziwazi: mguu wa kushoto anaruhusiwa kuukanyagia kwa uzito wote, kwa sehemu, au bado? Mkipata jibu hilo, uchaguzi wa fremu unakuwa mwepesi sana. Akiambiwa akanyage kwa sehemu tu, kigari cha magurudumu manne kinaondoka kabisa mezani, na hata bakora inaondoka.

Sasa nimjibu baba mdogo, kwa heshima zote, kwa sababu maneno yake nayasikia karibu kila familia. Miguu hulegea kwa kutotembea. Mzee aliyevunjika nyonga akalala wiki chache kitandani hupoteza misuli ya paja na makalio kwa kasi ya kushangaza, na akishaanguka mara ya pili anaanza kuogopa, anapunguza safari, anaomba aletewe kila kitu alipokaa. Hapo ndipo miguu inapokwisha. Fremu inamrudishia safari zake: kwenda chooni, barazani, jikoni kuonja mchuzi. Kila safari ni zoezi. Baba mdogo ana ukweli wake pia, nisimnyime. Mtu akiinamia fremu kwa kifua chote wakati miguu inaweza kubeba, au akiendelea nayo mwaka mzima bila kupimwa tena kama bado anaihitaji, anajifunza mwendo mbaya na kuuacha ni kazi. Kwa hiyo fremu iende sambamba na mazoezi. La kwanza, na kwangu ndilo muhimu kuliko yote, ni kuinuka kitini na kukaa polepole, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani, mara tano hadi kumi asubuhi na tena jioni, kwa kadiri mguu ulivyoruhusiwa kubeba.

Aibu ya mama nayo tusiipuuze. Mtu aliyelea watoto na kuendesha nyumba hapendi kuonekana akisukuma vyuma uwanjani. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 ambavyo kila nchi inahimizwa kuhakikisha watu wake wanavipata. Fremu za kutembelea zimo, na humo humo mna miwani ya kusomea. Mama akivaa miwani asome msahafu au apepete mchele, hakuna anayemwita kipofu. Muelezeni hivyo, lakini zaidi ya kumueleza, msimnunulie kitu nyuma ya mgongo wake. Fremu iliyoletwa ghafla, watoto wamekwisha kuamua, huishia nyuma ya mlango ikitundikwa khanga. Mwulizeni yeye anataka kufika wapi. Mama mmoja atasema anataka kwenda chooni usiku bila kumwamsha binti yake, mwingine anataka kufika kwa jirani. Mkianzia hapo, fremu inakuwa njia ya kulipata analolitaka.

Nieleze kidogo kwa nini magongo yalimshinda, maana si uzembe wake. Mtu anaposimama, uzito wake unatakiwa uangukie ndani ya eneo lililo kati ya nyayo zake. Mwenye afya hulitunza eneo hilo bila kufikiri. Magongo mawili yanalipanua, lakini kila gongo linakwenda kivyake, kwa hiyo ubongo lazima upange vitu vinne kwa wakati mmoja: gongo, gongo, mguu, mguu. Kijana aliyevunjika akicheza mpira anaweza. Mama wa miaka 74 mwenye ganzi miguuni anapata taabu, kwa sababu nyayo zenye ganzi haziupi ubongo habari za kutosha za wapi anakanyaga. Tena wengi huyaning'inia magongo kwa makwapa, jambo linalobana mishipa ya fahamu na kuleta ganzi ya mikono. Uzito ulipaswa kubebwa na viganja, na kati ya kwapa na gongo ibaki nafasi ya vidole viwili hadi vitatu.

Fremu ina miguu minne iliyofungamana. Inamzunguka mbele na pembeni, hivyo eneo la kusimamia linakuwa kubwa na halisambaratiki. Na kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii: mkono unaoshika kitu imara unaupa ubongo habari za mwili ulipo, hata kama haubebi uzito mkubwa. Kwa mwenye ganzi ya kisukari, viganja vinafidia sehemu ya kile ambacho nyayo zimeshindwa kukihisi. Ndiyo maana mama anajisikia salama akigusa ukuta. Tatizo la ukuta ni kwamba unaishia mlangoni.

Bakora ya marehemu sikatai aitunze, na huenda akaja kuitumia siku za mbele. Kwa sasa ina kasoro mbili. Inawezekana ni ndefu kwake, kwa kuwa ilikatwa kwa kimo cha mwanaume. Pia mwangalieni anaishika mkono gani. Wengi huishika upande wa mguu mbovu, na ni kinyume. Ukisimama kwa mguu mmoja, misuli ya ubavuni mwa nyonga ndiyo inayozuia fupanyonga lisidondoke upande wa pili. Hiyo ndiyo misuli inayodhoofika baada ya mvunjiko na upasuaji. Bakora ikiwa mkono wa kulia, inasukuma kutoka upande wa pili na kuipunguzia kazi nyonga ya kushoto. Ikiwa mkono wa kushoto haisaidii sana, inamfanya alalie palepale panapouma. Hata ikishikwa vizuri, bakora ina ncha moja tu na inabeba uzito mdogo. Mtu aliyeanguka mwezi uliopita anahitaji zaidi ya hapo.

Tuje kwenye zile fremu tatu.

Isiyo na magurudumu ndiyo imara kuliko zote ikiwa imetulia chini. Inaweza kubeba uzito mkubwa wa mikono, na kwa kuwa inainuliwa kila hatua, inavuka kizingiti na kukanyaga mchanga bila kukwama. Lakini hapo kwenye kuinua ndipo penye mtihani wake. Kwa sekunde moja fremu iko hewani, na mama anasimama kwa miguu yake mwenyewe. Wengine wanapoinua, mwili unarudi nyuma kidogo, na kwa mwenye kizunguzungu hilo linatosha kumwangusha chali. Mwendo wake pia ni wa polepole, wa kusimama-simama, na mikono huchoka.

Yenye magurudumu mawili mbele inasukumwa. Miguu ya nyuma ina vifuniko vya mpira, au vitelezo vya plastiki, na akiikandamiza chini inakaza. Haikosi kugusa ardhi, kwa hiyo ile sekunde ya hewani haipo, na mwendo unakaribia ule wa kawaida. Kwenye sakafu ya saruji kama ya ndani kwenu inapendeza sana. Kwenye mchanga wa Pangani, magurudumu yale madogo yenye kipenyo cha sentimita 12 hivi yanazama, na mama atajikuta anainua fremu ambayo sasa ni nzito zaidi. Wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao miguu hunata sakafuni wakitaka kuanza hatua, mara nyingi hufaa zaidi na magurudumu kuliko kuinua-inua. Mama hujasema ana tatizo hilo, ila nalitaja kwa ajili ya wengine watakaosoma.

Cha magurudumu manne kilibuniwa mwaka 1978 na Aina Wifalk, mwanamke wa Sweden ambaye mwenyewe alikuwa ameathiriwa na polio. Ni kifaa kizuri mno kwa mtu anayeweza kubeba uzito wake kwa miguu yote miwili lakini anachoka upesi au anaishiwa pumzi: anatembea, anafunga breki, anakalia kile kiti, anaendelea. Kinataka njia ngumu na iliyosawazika. Kinataka pia vidole vyenye nguvu ya kubana breki na akili iliyo tayari kukumbuka kuzifunga kabla ya kukaa. Ukikiegemea kwa uzito mkubwa hakikazi, kinakwenda mbele, na wewe unakifuata kwa uso. Mwambie kaka nia yake ni njema na fedha yake bado inahitajika, ila asitume kigari. Atume za kujenga njia, nitaeleza hapa chini.

Kwa hiyo dukani tafuta fremu ya aluminiamu inayokunjwa, ambayo miguu yake ya mbele inaweza kuchomolewa na kuwekewa magurudumu. Zipo. Mama aanze bila magurudumu. Mkiona anapoinua anayumba kuelekea nyuma, au mabega yanamuuma baada ya siku chache, wekeni magurudumu kwa matumizi ya ndani. Ni bora zaidi ajaribu zote mbili mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, siku ile ya eksirei, kabla hujatoa fedha. Aluminiamu ina kilo mbili na nusu hadi tatu hivi, na kwa hewa ya chumvi ya pwani inadumu kuliko chuma, ingawa skrubu zake zikaguliwe kutu. Nimeona fremu zilizochomelewa na fundi kwa bomba la chuma. Si mbaya kama kimo kimepimwa na miguu imevishwa mpira, lakini uzito wake unaua faida yote kwa mtu anayelazimika kuinua kila hatua.

Kimo ndicho kinachokosewa kuliko kitu kingine chochote. Mama asimame wima akiwa amevaa viatu anavyotembelea, mikono ining'inie bila kukazwa. Mshikio wa fremu uwe sawa na ule mkunjo wa kifundo cha mkono, pale unapofungwa mkanda wa saa. Akishika, viwiko vitajikunja kidogo, kati ya nyuzi 15 na 30. Fremu ikiwa juu mno, mabega yanapanda masikioni na hawezi kukandamiza chini. Ikiwa fupi, anainama, anatazama vidole vyake badala ya mbele, na mgongo unaanza kuuma. Kila mguu wa fremu una vitundu na kitufe. Vitufe vyote vinne vitokeze kikamilifu katika tundu la namba ileile. Fremu inayocheza-cheza sakafuni kwa kawaida ina mguu mmoja uliokosewa tundu.

Ukinunua iliyotumika, au mkipewa na jamaa aliyefiwa, kagua mpira wa chini. Mistari yake ikiwa imesagika na kuwa laini, au chuma kimeanza kutoboa, badilisha kabla mama hajaigusa, na uende dukani na kipenyo cha bomba ili upate saizi yake. Angalia nyufa kwenye maungio, vitundu vilivyotanuka, na kibandiko cha uzito unaobebwa: nyingi ni kilo 100, nyingine 136. Kimo cha jamaa aliyekuwa nayo si kimo cha mama, ipimwe upya.

Sasa nyumba, na hapa ndipo ningependa fedha nyingi zaidi ziende. Fremu nyingi zina upana wa sentimita 55 hadi 65. Chukua futi ya fundi, pima mlango wa chumba cha mama na mlango wa choo. Mlango ukiwa mwembamba, mama atalazimika kuiacha fremu nje na kuingia kwa kushika miimo, na hapo ndipo atakapoanguka.

Kizingiti na vile vidato viwili viondolewe kwa mteremko wa saruji. Kipimo kinachotumika ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Vidato viwili vya sentimita 15 kila kimoja vinataka mteremko wa mita 3.6. Ni mrefu, ndiyo, na mafundi watakwambia mita moja na nusu inatosha. Usikubali, mteremko mkali ni hatari kuliko vidato. Uso wake usisakafiwe hadi ukang'aa, uachwe na mikwaruzo ya ufagio. Kama nafasi haitoshi, vijengwe vidato vipya vifupi na vipana, vyenye kina cha kukalisha fremu nzima na mama mwenyewe, na bomba la kushika pembeni. Kutoka hapo hadi chooni, mwageni njia ya saruji au pangeni matofali yaliyoshindiliwa, upana wa mita moja. Hapo mchanga umekwisha kuwa tatizo. Hii ndiyo kazi ya fedha ya kaka.

Choo cha kuchuchumaa kwa nyonga iliyowekwa chuma ni mateso, na kwa baadhi ya upasuaji, hasa waliobadilishiwa kiungo, kukunja nyonga kupita pembe mraba huweza kukatazwa kabisa. Ulizeni hilo hospitali. Seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, miguu minne imara iliyotanuka na mikono ya kushikia, kikawekwa juu ya tundu la choo. Kimo chake kiwe magoti ya mama yasipande juu kuliko nyonga akikaa. Nawaomba msikate kiti cha plastiki. Miguu yake huteleza kwenye sakafu yenye maji na hupasuka bila kuonya. Ukutani pigeni bomba la kushika. Usiku asitoke kabisa kwa sasa: awe na kiti cha namna hiyo chumbani na ndoo yenye mfuniko chini yake. Wazee wengi huanguka katika safari ya usiku ya kwenda kukojoa, gizani, usingizi ukiwa haujamtoka mtu.

Mikeka na mazulia madogo yaondolewe njiani. Malapa yaachwe, avae viatu vyenye mkanda nyuma ya kisigino na soli isiyoteleza, na kwa kuwa ana ganzi, mdogo wako amkague nyayo kila jioni kama kuna kidonda. Dera na buibui zipandishwe pindo hadi juu ya kifundo cha mguu. Nguo ndefu hunaswa na miguu ya fremu, na akikanyaga pindo hata fremu haimwokoi. Kama anaswali, aswali akiwa ameketi kitini, na maji ya udhu asogezewe alipokaa. Kwa kuwa mikono yote miwili itakuwa kazini, mshonee kimfuko chepesi kikae katikati mbele ya fremu, kwa simu, tasbihi na chupa ndogo ya maji. Mizigo mizito au ya upande mmoja inaipindua.

Namna ya kutembea nayo ni hii. Fremu mbele kwa hatua moja fupi, miguu yote minne ya fremu itue chini ndipo yeye asogee. Kisha mguu wa kushoto, ule uliopasuliwa, uingie ndani ya fremu huku mikono ikikandamiza. Kisha mguu wa kulia uufuate. Asiingie mpaka tumbo liguse mwamba wa mbele, maana akifika hapo fremu haina tena cha kumzuia asiende nyuma. Kugeuka kuwe kwa hatua ndogondogo, bila kujizungusha kwenye nyonga. Kukaa: arudi nyuma mpaka miguu iguse kiti, aachie mkono mmoja, ashike mkono wa kiti, kisha wa pili. Kuinuka asijivute kwa fremu, itamwinamia; ajisukume kutoka kwenye kiti. Pakiwa na kidato kimoja kipana, kupanda ni fremu, mguu mzima, kisha mbovu. Kushuka ni fremu, mguu mbovu, kisha mzima. Siku za kwanza mdogo wako atembee naye, akae ubavuni nyuma kidogo upande wa kushoto, mkono mmoja kiunoni kwa mama. Asimshike mkono wa juu na kumvuta, anamwondolea mizani.

Limebaki jambo ambalo fremu haiwezi kulitibu. Aliangukaje mwezi uliopita? Kama aliinuka, macho yakaingia giza, akaenda chini, basi tatizo linaweza kuwa presha inayoshuka akisimama. Dawa za presha zinaweza kuleta hali hiyo, na kisukari cha muda mrefu pia huharibu mishipa ya fahamu inayorekebisha presha. Kupima ni rahisi: alale chali dakika tano, apimwe, asimame, apimwe baada ya dakika moja, na tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwonyesheni daktari vipimo hivyo ili apange upya dawa. Msizikate wenyewe. Wakati huohuo akiamka akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe nyayo, ndipo asimame. Mpimeni na macho, maana mtoto wa jicho humfanya mtu asione kizingiti. Na kwa kuwa nyonga ilivunjika kwa kuteleza tu, mwulizeni daktari kuhusu wepesi wa mifupa, yaani mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi, na matibabu yake, kwani aliyevunjika namna hiyo mara moja yuko katika hatari ya kuvunjika tena.

Baada ya wiki sita arudi kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Akiwa anatembea wima, hachechemei kwa kudondosha kiuno, na anaweza kusimama bila kushika kwa muda, ataanza kufundishwa mkongojo, mkono wa kulia. Ile bakora hapo inaweza kukatwa kwa kimo chake na kuvishwa mpira. Wengine hubaki na fremu kwa safari za nje na kutembea ndani kwa mkongojo, na huo nao ni mpango mzuri.

Msingoje wiki sita, nendeni siku hiyohiyo, akipata maumivu mapya ya kinena au paja, mguu ukionekana mfupi au nyayo imegeukia nje, au akishindwa ghafla kuukanyagia. Vilevile kidonda cha upasuaji kikivuja au akipata homa, akianguka tena hata kama haumii, au akianza kuchanganyikiwa kwa namna ambayo si kawaida yake. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma, ni lazima aonwe haraka kwa sababu huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Na akipata shida ya kupumua ghafla au maumivu ya kifua, tafuteni gari hapohapo, hata kama ni usiku wa manane.